Uzoefu wangu: Mtera kwenda na kurudi, kwa asiyegusa samaki

Kwa wanaoulizia ile huduma ya safari ya siku moja kutoka Dodoma mjini hadi Bwawa la Mtera: gari nalisifu, boti nalisifu zaidi, chakula hapana.

Sisi wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, hatuli nyama, samaki wala mayai, na vitunguu pia havipiti, vya maji na saumu. Niliwaeleza yote hayo mapema kwa simu, nikarudia kwa ujumbe. Wakajibu, "Usijali dada, imeeleweka." Kufika kule tukaletewa ugali na mchicha. Mchicha wenyewe umeungwa kwenye kikaango kilekile cha perege, magamba bado yameganda ukingoni, na kitunguu kimejaa tele. Nilipouliza, mhudumu akanishangaa: "Lakini samaki tumemtoa!" Hela ya chakula haikurudi. Mimi huwa sitoki nyumbani bila thepla, zile chapati nyembamba zenye majani ya uwatu. Nilikuwa nazo, na achari ya embe, na zabibu za hapahapa Dodoma. Rafiki zangu, mmoja Mgogo na mwingine Mrangi, wakaacha perege wao wapoe, wakanimalizia thepla.

Njia ni lami: Mpunguzi, Fufu, Chipogolo, mibuyu kila upande. Dereva hakimbizi wala hapakii abiria wa njiani.

Sasa boti. Ni ya mbao, ya wavuvi, imefungwa injini. Nahodha aligoma kuondoka mpaka kila mmoja avae jaketi okozi, na lililokatika mkanda akalibadilisha. Nilitaka kushuka ukingoni nijimwagie maji kama tunavyofanya mtoni, akakataa katakata. Mtera ina mamba na viboko, hapo hana mzaha. Basi akazima injini mbali na majani, jua bado liko mashariki, nikachota maji kwa lota yangu ya shaba, kile chombo kidogo cha maji ya ibada, na kuyamimina taratibu kuelekea jua, huku nikiitaja mito saba mitakatifu ya Wahindu: Ganga, Yamuna, Godavari, Saraswati, Narmada, Sindhu, Kaveri. Mzee wa watu alinyamaza mpaka nilipomaliza, ndipo akauliza, "Na Ruaha mbona humtaji?" Tulicheka, ila swali lake lina haki. Maji yale yanaletwa na Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kizigo, yanazungusha mitambo ya megawati 80 pale ukutani, yanashuka hadi bwawa la Kidatu kuzungusha mingine, kisha yanaingia Rufiji hadi baharini. Nikachota tena, nikamtaja Ruaha.

Omba boti ya asubuhi, maana mchana upepo ukiinuka mawimbi yanarusha maji mpaka ndani. Boti inalipiwa palepale, haimo kwenye bei ya gari, kwa hiyo beba fedha taslimu. Chakula waambie wakikate kwenye bili kabla hujatuma malipo.