Kitana cha chawa cha shilingi 3,000, na paka wangu Tambi aliyebaki bila manyoya tumboni

Nilikinunua Kariakoo, kwenye meza ya vifaa vya saluni, kati ya rasta na vibanio. Ni kile cha meno ya chuma, membamba, yaliyobanana. Muuzaji akaniuliza wajukuu wamepata chawa? Nikamwambia ni cha paka. Alicheka mpaka mwenzake akaja kuuliza kulikoni.

Mimi ni fundi cherehani, na Tambi hulala kwenye kapu la vipande vya vitambaa. Mwezi wa tatu manyoya yalianza kumpungua tumboni, kisha ndani ya mapaja, kisha juu ya mkia. Ukimpapasa mgongoni unakutana na vipele vidogo kama punje za ulezi. Kila aliyepita barazani alikuwa na lake: choa, minyoo, joto, wivu kwa sababu nimepata mjukuu mpya. Kiroboto sikumwona hata mmoja, kwa hiyo hao sikuwawazia kabisa.

Duka la kwanza la dawa za mifugo, silitaji, walinipa chupa ya dawa ya mbwa. "Mpake nusu tu, bibi." Mwanangu akasoma karatasi yake: permethrini, sumu ya wadudu. Tuliirudisha, fedha hatukurudishiwa. Baadaye daktari wa mifugo alinieleza kwamba ini la paka haliimudu dawa hiyo. Anatetemeka, anapata degedege, anaweza kufa. Na yule kijana wa dukani alikuwa anatabasamu.

Daktari alinyofoa nywele chache za Tambi, akaziweka kwenye hadubini, akaniita nichungulie. Ncha zilikuwa zimekatika na kuchanguka. Hapo sikuhitaji maelezo marefu: uzi uliokatwa kwa meno naujua, na uzi uliochomoka wenyewe naujua. Manyoya hayakuwa yakidondoka. Tambi alikuwa akiyakata mwenyewe kwa kujilamba, usiku, mimi nimelala. Daktari akammulika kwa taa ya zambarau kutafuta choa, na kwa kuwa si kila choa hung'aa, akachukua na nywele za kupeleka maabara. Majibu yalikuja safi.

Kisha akatoa kitana. Akakipitisha juu ya mkia mara tano sita, akakung'uta punje nyeusi kwenye tishu nyeupe iliyolowa. Punje zikaanza kutoa wekundu wa kutu. Kumbe ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya Tambi mwenyewe. Viroboto sikuwaona kwa sababu alikuwa akiwameza anapojilamba. Na paka mwenye mzio wa mate ya kiroboto hahitaji kuumwa sana. Mara chache tu, anawashwa siku kadhaa.

Ndiyo nikaenda kununua changu. Kitana hakiponyi, tuelewane. Kilichomponya ni matone ya paka yenye dawa za viroboto, fipronili na methopreni, mara moja kwa mwezi, kwenye ngozi ya kisogo asikofika ulimi. Ghali: kila tone la mwezi ni gauni moja la kushona. Kisogo kinabaki na mafuta siku nzima, na Tambi hujificha chini ya kabati. Na hayo matone yangekuwa kazi bure bila kusafisha nyumba, maana mayai ya kiroboto hudondoka anapolala paka. Yaani kapuni mwangu. Nilitupa vipande vya miezi miwili, roho ikiniuma, vilivyobaki nikavifua kwa maji ya moto, nikafagia kila ufa wa sakafu.

Kitana kazi yake ni kunipa habari. Kila Jumamosi, tishu na maji. Mwezi wa pili punje bado zilikuwepo, nikataka kuyalaumu matone. Daktari akaniambia viroboto wachanga waliojifunika kwenye vifuko vyao huweza kusubiri miezi kabla ya kutoka. Mwezi wa tatu tishu ilibaki nyeupe, na tumboni kukaota manyoya mafupi, laini kama mahameli.

Nakipa nyota nne. Ya tano imeondoka na mpini wa plastiki, uliopasuka wiki ya pili. Nimeufunga kwa selotepu. Halafu usikitumie penye ngozi mbichi. Nilimkwaruza mara moja, siku mbili hakunisogelea.

Ukienda kununua, pitisha ukucha kwenye meno kabla hujalipa. Likicheza hata jino moja, chagua kingine, kiroboto atapita hapo hapo.