Leavesden, pamoja na kaka aliyenisomea

Kaka yangu ndiye aliyenisomea vitabu vya Harry Potter. Tulikuwa Tanga, mimi niko darasa la tatu na Kiingereza changu bado cha salamu na kuhesabu. Yeye anasoma kimya mistari mitatu minne, kisha ananisimulia kwa Kiswahili. Kofia inayowagawa wanafunzi aliipa sauti ya bibi yetu mzaa baba. Umeme ukikatika tunaendelea kwa kibatari. Siku Mama aliposikia neno "wachawi" alikuja kukaa nasi ajue ni wachawi wa namna gani, akabaki mpaka sura ikaisha.

Sasa kaka ni fundi umeme Uingereza. Nilipokwenda kumtembelea nilikuwa na ombi moja tu: anipeleke Leavesden, kwenye studio zilikotengenezwa zile filamu nane.

Kufika si kazi. Unapanda treni stesheni ya Euston, London. Ile ya haraka inakufikisha Watford Junction kwa dakika 20 hivi, na nje ya stesheni unakuta basi la studio. Tiketi ndiyo ya kuwahi. Inakatwa mtandaoni, ina siku na saa yake, na mlangoni haziuzwi. Sisi tulichelewa, tukakuta wakala mmoja anaziuza karibu mara mbili ya bei. Kaka alikataa, akawa anachungulia tovuti ya studio yenyewe kila asubuhi hadi ikajitokeza nafasi. Fanyeni hivyo.

Unaanzia kwenye ukumbi wa sinema. Filamu fupi ikiisha skrini inapanda juu, na nyuma yake ipo milango ya Ukumbi Mkuu wa Hogwarts, shule ya uchawi anayosoma Harry. Mhudumu aliuliza nani kazaliwa tarehe ile. Akajitokeza binti wa kama miaka saba, wakamwachia aifungue. Niliinama kugusa sakafu. Ni mawe ya kweli, kwa sababu walijua miguu ya mamia ya watoto itapita hapo miaka na miaka. Ile mishumaa inayoelea, katika filamu ya kwanza ilikuwa mishumaa halisi iliyoning'inizwa kwa nyaya nyembamba. Moto ukawa unakata nyaya, mishumaa inaanguka, ndipo wakahamia kwenye kompyuta. Kaka alilisikiliza hilo kwa makini ya mtu wa nyaya.

Kuna watu hawataki kuja wakiogopa kwamba wakiona jinsi mambo yalivyofanywa, utamu utaisha. Kwangu ulizidi. Vile vitabu vizee kwenye ofisi ya Dumbledore, mwalimu mkuu wa Hogwarts, vingi ni vitabu vya orodha ya namba za simu vilivyovalishwa ngozi. Chupa za darasa la dawa zimejaa mifupa ya buchani iliyookwa, mimea iliyokaushwa na wanyama wa plastiki. Kwenye duka la fimbo za kichawi kuna maboksi 17,000, na kila moja limebandikwa lebo yake kwa mkono. Elfu kumi na saba! Kamera inapita hapo sekunde chache, ila kuna mtu alikaa akaandika lebo ya boksi la juu kabisa ambalo hakuna jicho litakalolifikia. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko popote, isipokuwa sehemu moja nitakayoisema.

Vitanda vya bweni la wavulana vilichongwa kwa vipimo vya watoto wa miaka 11, nao waigizaji wakakua. Filamu za mwisho ilibidi wajikunje na kamera ifiche miguu. Treni jekundu linalowapeleka wanafunzi Hogwarts nalo ni treni kweli, injini ya mvuke ya mwaka 1937, na unaruhusiwa kupanda ndani. Msitu na Gringotts, benki ya wachawi, ni vya kuongezwa baadaye. Benki ilinipendeza, msitu niliupita haraka.

Katikati ya safari kuna sehemu ya kupumzika, na hapo wanauza kile kinywaji cha siagi. Kwa wanaojiuliza, hakina kileo. Enzi za Tanga kaka alikiita "soda ya siagi" kwa heshima ya Mama, kumbe hakukosea sana. Ni kitamu cha sukari nyingi, kina povu zito juu. Bilauri moja inatosha watu wawili.

Sasa ile sehemu. Karibu na mwisho unaingia chumba kikubwa chenye taa hafifu, na katikati yake imesimama Hogwarts nzima, mnara kwa mnara, imeundwa kwa kipimo cha 1 kwa 24. Upana wake ni kama mita 15. Watu 86 waliijenga kwa ajili ya filamu ya kwanza. Madirishani zimo taa zaidi ya 2,500, na kila baada ya dakika chache mchana unageuka usiku juu ya jumba zima. Kaka aliacha kuzihesabu nyaya. Usiku wa pili ulipoingia alianza kunisimulia, polepole, watoto wanavyovuka ziwa kwa mashua kwa mara ya kwanza, kwa maneno yaleyale ya Tanga. Wazungu wawili waliokuwa kando yetu walinyamaza wakasikiliza ingawa hawakuelewa neno. Tuliuona usiku ukiingia mara tano.

Chumba kinachofuata ni cha maboksi ya fimbo tena, zaidi ya 4,000, na kila boksi lina jina la mtu aliyefanya kazi kwenye filamu hizo. Waigizaji wakubwa wamechanganyika na maseremala, washonaji na wapaka rangi. Tulianza kuyasoma kwa sauti kutoka safu ya chini, yeye upande wake na mimi wangu, hadi mhudumu alipokuja kutuambia kwamba basi la mwisho linakaribia kuondoka.