Wiki mbili za “go”: darasa la jioni la Kiingereza kwa madereva wa watalii, Arusha

Mwezi Aprili mwaka huu, mvua za masika zilipowapunguza wageni na magari mengi ya utalii hapa Arusha yakalala uani, nilijiandikisha katika darasa la jioni la Kiingereza linaloendeshwa na kituo kimoja cha binafsi, ambacho sitakitaja jina kwa sababu nina ya kukisifu na ya kukilaumu. Ada ni shilingi 80,000 kwa wiki sita, vipindi vitatu kwa wiki, kila kimoja cha muda wa saa mbili. Nilipopewa ratiba nilidhani nimekwisha kuliwa fedha zangu: wiki mbili za mwanzo zilitengwa kwa ajili ya kitenzi kimoja tu, “go”, na vihusishi vinavyoandamana nacho. Kitenzi hicho nilikijua tangu shule ya msingi, na nimekitumia kazini kila siku kwa miaka tisa.

Mwalimu, mama mmoja wa makamo asiyependa haraka, alianza na Kiswahili. Aliandika ubaoni “Naenda sokoni”, “Niko sokoni”, “Natoka sokoni”, akatuuliza ni neno gani linalotuonyesha mwelekeo. “Sokoni” ilibaki vilevile mara zote tatu. Kazi yote imefanywa na kitenzi, na ile -ni inatuarifu tu kwamba tunazungumzia mahali. Kiingereza huuhamishia mzigo huo kwenye kihusishi: “to the market” kwa anayekwenda, “at the market” kwa aliyeko huko, “from the market” kwa anayetoka. Hapo nilielewa kwa nini mwenzangu mmoja husema “I am going at the market” bila kuhisi kosa lolote, kwani kwake “at” ni -ni, naye amekwisha kuitafsiri. Majina ya miji hayachukui hata hiyo -ni, ndiyo maana husikika “I go Karatu”. Na mtu akisharekebishwa hapo, hofu humfanya aitie “to” kila mahali, hadi kwenye “go to home” na “go to there”, ambako haitakiwi kabisa.

Kipindi cha “kwa” kilikuwa kifupi lakini kilinifaa. Sisi huenda kwa daktari, kwa gari na kwa miguu, na “kwa” ni hiyohiyo. Mwingereza huenda “to the doctor”, “by car” na “on foot”. Na hiyo “by” haivumilii kufuatwa na gari la mtu fulani, kwa kuwa gari likishakuwa langu au lako, husemwa “in my car”. Hapa ndipo mwalimu alipokaza kamba kupita kiasi: alitufundisha kwamba “by foot” ni kosa lisilosameheka, ilhali nimewasikia wageni wenyewe, tena waliozaliwa na lugha hiyo, wakiisema. Ingetosha kutuambia kwamba “on foot” ndiyo ya kawaida zaidi.

Kipindi kilichoirudisha ada yangu yote kilihusu kitenzi chetu “kupita”. Mwalimu alichora njia ambayo kila dereva darasani angeweza kuiendesha usingizini: kutoka Arusha hadi Makuyuni, kukata kulia, kupita Mto wa Mbu, kulipita lango la hifadhi ya Ziwa Manyara, kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, kupita Karatu, kupita lango la Lodoare, kisha kushuka kreta ya Ngorongoro kwa barabara ya Seneto na kupanda kwa ile ya Lerai. Akatutaka tuisimulie safari hiyo kwa “go” pekee. Mara moja ilionekana kwamba “kupita” yetu imebeba mambo ambayo Kiingereza huyatenga: mji unaoukata katikati ni “go through”, lango unaloliacha kando bila kuingia ni “go past”, lango unaloliingia ni “go through” tena, na barabara unayoifuata kwa urefu wake ni “go along”. Kwa Kiswahili nitasema nitalipita lango la Manyara na nitapita lango la Lodoare, na abiria Mswahili ataelewa kutokana na safari yenyewe kwamba moja tunaliacha na jingine tunaingia. Mgeni hana pa kulijulia hilo ila kwenye kihusishi changu.

Nililikumbuka kosa langu la mwaka juzi kwa aibu. Niliwaambia wageni wawili “we will go through Manyara”, nao wakatoa darubini na kamera wakijiandaa kuingia hifadhini, kumbe mimi nilikusudia kwamba tutapita nje ya lango tu tukielekea Karatu. Mmoja wa wageni hao, mama, aliuliza mara tatu simba wanaopanda miti wako wapi. Siku ile nililaumu masikio yake.

Kushuka kreta nako kulitupatia somo zuri. Kwetu “kushuka” ni kitenzi kamili kinachojitosheleza, lakini “go” haina mwelekeo wowote yenyewe, kwa hiyo huhitaji maneno mawili nyuma yake, “down into the crater”, la kwanza likitoa mwelekeo wa chini na la pili likionyesha kwamba unaingia ndani ya kitu chenye kuta, kuta zenye urefu wa takriban mita 600. Vivyo hivyo sisi huugeuza mwili wa kitenzi chenyewe, kukimbia kukawa kukimbilia na kwenda kukawa kuendea, ilhali wao hukiacha kitenzi kilivyo na kubadilisha kijineno cha nyuma. Tahadhari iliyofuata naipendekeza kwa kila dereva: simba akimwendea nyati taratibu, hiyo ni “went towards”, ukisema “went for”, simba wako amekwisha kumrushia makucha.

Kuhusu “go on safari”, darasa zima lilicheka, kwa kuwa neno hilo tuliwapa sisi nao wakalibana, kiasi kwamba safari yangu ya kwenda msibani Singida kwao si “safari” tena.

Sasa lawama. Tangazo lilisema wanafunzi 15, tukawa 27 katika chumba chenye paa la mabati lisilo na dari, na mvua ikinyesha mwalimu alikuwa akipiga kelele ambazo hata waliokaa mstari wa pili hawakuzisikia. Makaratasi ya mazoezi yalilipiwa shilingi 5,000 za ziada ambazo hazikutajwa wakati wa kujiandikisha, na kurasa kadhaa zilikuwa hafifu hazisomeki. Kipindi cha mwisho cha wiki ya pili kilituangushia orodha ya misemo zaidi ya 30 ya “go”, bila muktadha wowote. “Go off” peke yake ina kengele inayolia, maziwa yanayochacha, umeme unaokatika na bunduki inayofyatuka, nasi tulipewa dakika mbili. Wiki nne zilizobaki, zilizohusu barua na mahojiano ya kazi, zilikuwa za kawaida.

Asiyeweza kabisa kuunda sentensi ya Kiingereza asiende huko, kwani atapotea siku ya kwanza. Anayekisema kila siku na bado haelewi kwa nini wageni humwangalia kwa mshangao atafaidika, mradi aulize kwanza idadi ya wanafunzi na awahi kiti cha mbele.

Siku ya kufunga nilimuuliza mwalimu kuhusu mazoea yetu ya kusema “nakuja” huku tukiondoka, mazoea ambayo tumeyahamishia hata kwa wageni: dereva anawageuzia mgongo, anasema “I am coming”, kisha anatokomea. Alijibu kwamba hiyo ni “come”, nayo imo katika kozi ya pili, kwa shilingi 80,000 nyingine. Nimekwisha kulipa nusu.