Alamu ya gari inayolia ovyo: cha kununua kwanza ukiwa Goma, na cha kuacha dukani

Mwenye gari mjini Goma anayeamshwa saa nane usiku na gari lake mwenyewe kwa kawaida hufanya mojawapo ya mambo mawili kunapokucha: humwomba fundi akate waya wa king'ora, au hushuka Birere, mtaa wa biashara, kununua alamu mpya. La kwanza humwacha na gari lisilo na ulinzi. La pili humtoa fedha na mara nyingi humrudisha palepale alipokuwa, kwa kuwa alamu mpya iliyofungwa kwenye betri iliyochoka na swichi iliyoshika kutu italia kama ile ya zamani. Ndiyo maana katika mwongozo huu nimepanga vitu vinavyonunuliwa kwa ajili ya tatizo hili kuanzia kile kinachostahili fedha zako kwanza hadi kile ambacho nisingekichukua hata kwa nusu bei. Utaona kwamba alamu nzima imeshika nafasi ya nne tu.

Kabla ya kununua chochote, inafaa kuelewa kwamba alamu haimjui mwizi. Ni kisanduku kidogo kilichofichwa chini ya dashibodi, kinachosoma nyaya chache: swichi za milango, swichi ya boneti (kapo, kama mafundi wetu wanavyoiita), kihisi cha mtikisiko, swichi ya ufunguo na, katika aina nyingine, kushuka kwa ghafla kwa volti za betri. Waya wowote kati ya hizo ukileta habari za uongo, king'ora hulia kwa nia njema kabisa. Kazi yako ni kujua ni waya upi ulioongopa, na alamu nyingi zilizofungwa na mafundi husaidia katika hilo: ukizima kwa rimoti baada ya kelele, hutoa mlio mfupi wa ziada, kisha taa ndogo nyekundu ya dashibodi humweka mara kadhaa, na idadi ya kumweka huko hutaja eneo lililochokoza. Maana ya kila idadi hutofautiana kati ya chapa na chapa, kwa hiyo kijitabu kinahitajika. Hesabu kabla ya kuwasha gari, maana katika alamu nyingi kuzungusha ufunguo hufuta kumbukumbu hiyo.

Kama taa haisemi kitu, saa ya kelele husema. Gari linalolia dakika chache baada ya kuegeshwa, wakati feni ya rejeta bado inazunguka, lina uwezekano wa kuwa na alamu inayopima volti, ambayo imechukulia feni kama mlango uliofunguliwa. Linalolia alfajiri ya baridi linaelekeza kwenye betri, na linalolia baada ya mvua linaelekeza kwenye boneti. Linalolia kila lori la Fuso linapopita juu ya mawe ya volkano lina kihisi ambacho ukali wake umewekwa juu kupita kiasi. Radi nazo husumbua vihisi vya namna hiyo, na Kivu haina uhaba wa radi. Matetemeko pia: waliokuwa mjini baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021 wanakumbuka jinsi ardhi ilivyotikisika siku kadhaa mfululizo, na kihisi kikali hakina njia ya kutenganisha ardhi inayotikisika na mtu anayevunja kioo.

Kuna kelele nyingine ambazo si ubovu. Mzazi anashuka kununua mkate, anafunga kwa rimoti, na mtoto aliyebaki ndani anafungua mlango kwa mkono: alamu imefanya kazi yake sawasawa. Magari mengi kutoka Japani hujifunga yenyewe tena baada ya sekunde 30 au 60 ikiwa umefungua kwa rimoti bila kugusa mlango. Ukifika baadaye na kutumia ufunguo wa chuma, baadhi yake hulia. Na ipo rimoti inayobanwa mfukoni au kwenye mkoba hadi kitufe cha dharura kinabonyezwa. Kwa visa hivi hakuna cha kununua, labda betri ya kidonge ya rimoti, ambayo mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, na ambayo ningeibadilisha kabla ya kumwita fundi kwa sababu ni kitu rahisi kuliko vyote vilivyo hapa.

Nafasi ya kwanza naipa betri ya gari, kwa sharti kwamba ipimwe kwanza. Pima jioni baada ya gari kupumzika saa kadhaa, kisha pima tena asubuhi kabla ya kufungua mlango wowote. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Volti 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 chaji ya betri imekaribia kwisha. Injini ikiwaka, kipimo kinapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.5 hivi, la sivyo tatizo ni chaji, na betri mpya nayo itakufa vilevile. Wengi huruka jambo jingine: gari lililozimwa bado hunywa umeme kidogo. Miliampea 50 zinaonekana si kitu, lakini kwa wiki moja ya kuegeshwa ni zaidi ya ampea-saa 8, na gari linalokaa muda mrefu bila kuendeshwa, huku betri yake ikiwa nusu, litafika mahali ambapo volti zinayumba na kisanduku cha alamu kinaanza kuota ndoto mbaya. Unaponunua, tafuta tarehe ya kutengenezwa kwenye kasha, kataa betri iliyoongezwa asidi mpya na kupakwa rangi, na hakikisha vibano vinashika vyema. Kabla hata ya kununua, safisha vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi. Ule unga wa kijani na mweupe peke yake umewahi kuwatia watu wengi gharama ya betri ambayo hawakuihitaji.

Nafasi ya pili ni ya swichi ya boneti, na hapa ninazungumza kwa machungu. Msimu mmoja wa mvua RAV4 yangu ililia usiku tatu mfululizo. Usiku wa tatu zamu wetu (mlinzi wa usiku) alikuja kugonga mlango akiwa amejifunika gunia la plastiki kichwani, na nyuma yake, juu ya ukuta, sauti ya jirani ikasema kwa upole uliouma kuliko matusi: «Papa, hata leo?» Nilikuwa nimekwisha kulipia kihisi kipya katika garaji ya kwanza, na hakikusaidia kitu. Fundi wa pili, mzee wa umeme wa magari, hakufungua hata kisanduku cha zana. Aliinua kapo, akamulika kwa simu mahali kufuli linapokaa, akanionyesha kidude cha ukubwa wa kidole gumba kilichozungukwa na ukungu wa kijani. Akakibonyeza, kikashuka, akakiachilia, kikabaki chini kidogo, kikasitasita, ndipo kikapanda. «Mzee, kwako hii kapo imefungwa,» akasema, «lakini alamu inaiona iko wazi.» Swichi mpya ilikuwa rahisi kuliko nauli ya teksi niliyotumia kumtafuta fundi huyo.

Swichi hiyo hukaa mahali pabaya, mbele ya injini, ambako maji ya barabarani, vumbi la mawe meusi na mvua hukutana. Moshi wa volkano zetu huifanya mvua kuwa na asidi, na anayetazama mabati ya nyumba upande ambao upepo hupeleka moshi huo hahitaji kuelezwa inavyofanya kwa chuma. Katika magari mengi ya Toyota swichi imo ndani ya kufuli lenyewe la boneti, hivyo itakubidi ununue kufuli zima, na la mtumba kutoka gari la aina ileile linafaa mradi chemchemi yake irudi haraka na soketi iwe kavu. Katika alamu zilizofungwa baadaye huwa ni pini ndogo inayojitegemea. Ile ya kawaida hugusa ardhi ya gari (yaani bodi ya chuma, upande hasi wa betri) boneti inapofunguka, kwa hiyo ukiichomoa waya wake na kelele zikakoma usiku kadhaa, umempata mkosaji. Usiiache hivyo hivyo, kwa kuwa mwizi anayejua ataanza kwa kuinua boneti na kutoa betri.

Nafasi ya tatu ni kihisi cha mtikisiko cha hatua mbili. Kihisi cha hatua moja hujua kupiga kelele au kunyamaza tu. Kile cha hatua mbili hutoa onyo la milio michache kwa mguso mdogo, na kuamsha king'ora chote kwa pigo kubwa tu, jambo ambalo kwa mji wa pikipiki, chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) na malori ni ahueni kubwa kwa majirani. Kinaweza kununuliwa peke yake ikiwa kisanduku chako kina soketi ya pini nne: umeme, ardhi, waya wa onyo na waya wa king'ora. Nenda nacho cha zamani dukani mkilinganishe, badala ya kuamini rangi za nyaya.

Hata hivyo kihisi kizuri kilichofungwa vibaya ni hasara. Kisifungwe kwa skrubu kwenye bati jembamba la gari, linalotetemeka kama ngoma. Kifungwe kwa mkanda wa plastiki kwenye fungu nene la nyaya au kwenye nguzo ya usukani. Kisha kisetiwe na wewe ukiwepo: fundi azungushe kile kiskrubu cha kurekebisha ukali hadi chini kabisa, afunge milango, asubiri kama dakika moja kitulie, apige tairi kwa teke la wastani, halafu nguzo ya kioo cha mbele kwa upande wa ngumi. Aongeze kidogo kidogo hadi ngumi ilete onyo na teke lisilete kitu. Fundi anayekuambia kwamba ameweka ukali juu ili kiwe na nguvu anakuuzia usiku wa kukesha.

Alamu mpya kamili inakuja sasa, kwa yule ambaye kisanduku chake kimeungua, au gari lake halikuwahi kuwa na kitu. Dai mambo manne, na kimoja kikikosekana, ondoka: rimoti yenye msimbo unaobadilika kila unapobonyeza, kwa sababu msimbo usiobadilika unaweza kunaswa hewani na kurudiwa, kihisi cha hatua mbili, kumbukumbu ya eneo lililochokoza, na kijitabu kinachosomeka, kiwe cha Kifaransa au Kiingereza. Rilei ya kuzuia injini isiwake ni nyongeza ninayoipenda kuliko king'ora kikubwa. Aina zenye rimoti ya kioo (skrini ndogo), inayopokea habari kutoka kwenye gari, ni bora kwa mtu anayelala karibu na gari lake, kwa vile humwonyesha kitandani kama ni mlango au ni mtikisiko. Lakini umbali ulioandikwa kwenye boksi ulipimwa uwanjani, na nyumba zetu zina kuta za mawe ya volkano. Ijaribu kabla ya kulipa kiasi cha mwisho. Kwa anayetafuta rimoti tu ya kuongezea, aulize masafa ya redio: magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi hutumia megahezi 315, yale ya Ulaya 433.92, na rimoti za makundi haya mawili hazisikilizani.

Yanayobaki nayapitia haraka. Alamu inayopiga simu kwa kutumia laini ya mtandao ina manufaa, ila inahitaji salio na mtandao, na nayo hunywa betri, kwa hiyo isinunuliwe na mtu ambaye hajamaliza suala la nafasi ya kwanza. King'ora chenye betri yake ndani hulia hata mwizi akikata betri kuu. Wenye magari ya Ulaya ya zamani wajue kwamba vibetri hivyo huchoka baada ya miaka na king'ora huanza kulia chenyewe bila sababu, na hapo dawa ni kubadilisha king'ora, wala si kuhangaika na milango. Kihisi cha mawimbi ya sauti, kinachosikiliza hewa ndani ya gari, sikipendekezi kwa anayeacha kioo wazi kidogo kwa sababu ya joto la mchana au anayening'iniza manukato kwenye kioo cha ndani, kwani upepo ukikitikisa tu, kelele zinaanza.

Mwisho kabisa nimeweka kile kifurushi kisicho na chapa wala kijitabu, chenye kihisi cha hatua moja na king'ora chenye sauti sita, ambacho muuzaji hukuwashia papo hapo mezani ili usikie nguvu yake. Nguvu hiyo ndiyo utakayoisikia saa nane usiku.

Chochote utakachonunua, usiondoke garajini kabla ya nusu saa ya ukaguzi. Waambie waunganishe nyaya kwa risasi ya kuyeyusha na kuzifunika vizuri, kwa kuwa nyaya zilizosokotwa na kuzungushiwa utepe hulegea kwenye barabara zetu. Uliza kitufe cha siri cha kuzima alamu kiko wapi, ukiguse kwa mkono wako. Kisha funga gari, na kwa zamu fungua kutoka ndani mlango mmoja mmoja, buti, na boneti, ukihesabu kila mara jinsi taa nyekundu inavyomweka, na uandike idadi hizo kwenye karatasi utakayoiweka pamoja na hati za gari.