Vidonge vya kwesetini kwa aleji ya msimu: uzoefu wangu huku Texas

Habari wadau, nipo Austin, na najua watu wengi wa nyumbani tunaoishi huku tunateseka na aleji ya chavua ya miti ya sida (cedar) kila mwaka kuanzia Desemba mpaka Februari hivi, pua imeziba, macho yanawasha, chafya mfululizo, usiku hulali. Na kila ukilalamika kuna mtu atakwambia achana na madawa, meza kwesetini, ni kitu asilia. Basi nikanunua, chupa karibu dola 30, miligramu 500 pamoja na vitamini C na bromelaini ile ya kwenye nanasi.

Maelezo yake yanavutia kweli, kwesetini ipo kwenye vitunguu na matofaa, na maabara imeonyesha inazituliza zile seli zinazomwaga histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta chafya na muwasho. Shida ni kwamba mwili unaifyonza kidogo sana, kwa hiyo cha maabara siyo lazima ukione puani kwako.

Nilianza kumeza kabla msimu haujachanganya na nikajiona niko fresh, ila miti yenyewe ilikuwa bado. Ikaja ile baridi kavu ya kutoka kaskazini na upepo wake. Kama hujawahi kuona, sida dume zinageuka rangi kama ya kutu, ukigusa tawi tu linatoa wingu la vumbi la njano, utadhani mti unaungua. Siku hiyo jioni macho yalivimba na vidonge nilikuwa nameza asubuhi na jioni bila kuruka. Labda chafya zilipungua kidogo, labda, ila pua ilibaki vilevile na usingizi hakuna.

Kilichonisaidia ni dawa ya kupuliza puani ya flutikasoni, inauzwa duka la dawa bila cheti, lakini lazima uipulize kila siku na uanze mapema maana haifanyi kazi papo hapo kama setirizini, ile dawa ya aleji ya kumeza. Pia kusafisha pua kwa maji ya chumvi, na hapa jamani naomba mnisikilize vizuri, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa au ya distiledi, usichote bombani moja kwa moja, kuna amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, anaweza kupanda kwenye ubongo kupitia puani na anaua.

Asali ya hapa hapa nayo wanaisifia sana lakini nyuki anafuata maua, chavua ya sida inasafiri na upepo, sasa utaipataje kwenye asali? Butterbur, mmea unaotengenezewa vidonge vya aleji, angalau ina utafiti wa maana, mwaka 2002 huko Uswisi na Ujerumani waliilinganisha na setirizini matokeo yakakaribiana, ila mmea huo usiposafishwa vizuri una sumu inayoharibu ini, mimi siwezi kumpa mtu wangu.

Kingine, kwa sheria ya Marekani ya 1994 virutubisho vinaingia sokoni bila FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, kuvipitisha kwanza. Geuza chupa usome, wenyewe wameandika kwa maandishi madogo kwamba haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Na kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, au una mimba, muulize mfamasia kwanza.

Nyota mbili kati ya tano. Haijanidhuru, ila chupa nyingine sinunui, hiyo hela naweka kwenye flutikasoni na naanza kupuliza mwishoni mwa Novemba.