Vifaa vya kuanzia kuosha gari nyumbani: nunua kitambaa kabla ya chupa

Karibuni watazamaji, habari zenu. Leo mezani nina vifaa vya mtu anayeanza kuosha gari lake mwenyewe nyumbani, uani au nje ya geti. Wengi mnaniuliza mnunue shampuu gani. Naomba tuanze na kitambaa. Kitu kinachogusa rangi ndicho kinachoitunza au kuimaliza, kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende huko. Chupa zitafuata.

Sababu ni hii. Juu ya rangi ya gari lako kuna lile tabaka angavu ambalo mafundi wa kupuliza wanaliita klia, na ndilo linalong'aa. Kwa magari mengi unene wake ni kama maikroni 35 hadi 50. Karatasi ya kawaida ya printa ina maikroni 100 hivi. Sasa piga hesabu: unachokisugua kila Jumamosi ni nusu ya karatasi, au pungufu ya hapo. Ukipeleka gari kwa fundi apige polishi, anapunguza klia hiyohiyo mpaka mikwaruzo ipotee, na iliyoondoka hairudi. Toa gari juani mchana, angalia boneti pale jua linapoakisi. Utaona mistari myembamba imezunguka zunguka. Ile ni kazi ya sponji na matambara yenye mchanga, na gari jeusi haliwezi kuificha.

Kifaa cha kwanza, basi, ni glavu ya kuoshea ya maikrofaiba. Nasogeza kamera mwone. Vinyweleo vyake ni vinene, virefu, na katikati yake kuna nafasi. Chembe ya mchanga ikikutana nayo inazama ndani, inatoka kwenye uso wa rangi. Sasa angalia sponji hii ya kawaida: uso wake ni bapa. Chembe ileile haina pa kuingia, inabaki katikati ya sponji na rangi, na wewe unaiburuta kutoka taa ya mbele mpaka buti. Dodoki ndiyo kabisa, liache bafuni.

Pili, ndoo mbili. Najua nyumbani ndoo zipo, lakini tafuta mbili za lita 15 au 20 ziwe za gari tu. Moja ina shampuu, nyingine maji matupu. Ukishaosha mlango mmoja, glavu inaingia kwanza kwenye maji matupu, unaikung'uta humo, ndipo inarudi kwenye povu. Ukimaliza gari zima chungulia ile ndoo ya maji matupu: ule mchanga uliotulia chini ungekuwa umerudi kwenye rangi yako. Kuna wavu wa plastiki unaokaa chini ya ndoo ili uchafu usipande tena. Ukiupata, chukua. Ukiukosa, usizamishe glavu mpaka chini.

Tatu, taulo la kukaushia, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapouziwa visivyo. Kwenye foleni machinga wanauza ile ngozi ya bandia ya njano, inakaa kwenye kopo refu la plastiki. Inanyonya maji vizuri, sikatai. Lakini uso wake ni laini kabisa, hauna nyuzi, kwa hiyo vumbi lolote lililobaki inalivuta juu ya rangi. Ikikauka inakakamaa. Mimi siitumii kwenye bodi. Taulo la maikrofaiba linaandikwa uzito kwa gramu kwa mita ya mraba. La kukaushia tafuta la 500 kwenda juu. Vile vya 300 mpaka 400 ni vya ndani na vya kufutia nta.

Kama pakiti haina maandishi, lipime palepale dukani. Pitisha kiganja kikavu: maikrofaiba nzuri inang'ang'ania ngozi ya mkono. Dondosha maji kidogo juu ya kioo cha kaunta, weka taulo, livute taratibu bila kukandamiza. Likisukuma maji mbele badala ya kuyanywa, mrudishie mwenye duka. Tena angalia pindo na lebo. Lebo ngumu ya nailoni inakwaruza, ikate kabla hujaanza.

Sasa shampuu. Chagua iliyoandikwa kuwa ni ya gari na ina pH ya wastani, karibu na 7, yaani si asidi wala si magadi. Sabuni ya unga ya kufulia niwaombe sana, hapana. Imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, na itang'oa nta uliyopaka. Punje zisizoyeyuka nazo zinakwaruza. Soma kipimo kwenye chupa. Ikiandikwa 1 kwa 200, lita 10 za maji zinataka mililita 50 tu. Kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi kinakupa kipimo safi, na chupa ya lita moja itakuosheshea gari mara 20.

Kwa rimu, brashi yake peke yake na kitambaa chake peke yake, visikutane kamwe na vya bodi. Lile vumbi jeusi la breki lina chembe za chuma. Mimi naanza na rimu, namwaga maji yale, ndipo naandaa ndoo za bodi.

Kwa sisi wa Dar es Salaam, hasa wenye visima vya maji ya chumvi, maji yenyewe ni kifaa. Maji ya chumvi yakikaukia juani yanaacha madoa meupe ambayo baadaye hayatoki kwa kufuta. Osha kivulini, asubuhi mapema, na suuza ya mwisho iwe ya maji ya bomba au ya mvua hata kama ni ndoo moja tu. Kausha hapohapo.

Mashine ya presha si lazima kwa anayeanza. Ukiwa nayo, ncha nyekundu isiguse gari, ile inatoa maji kwa mstari mmoja mkali. Tumia nyeupe, inayotawanya maji kwa pembe ya nyuzi 40, na usisogee karibu.

Nta ni ya mwisho katika manunuzi yako. Ya karnauba inatokana na majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota Brazili, inang'arisha vizuri lakini inadumu wiki chache. Zile za maabara zinakaa zaidi. Yoyote ile, paka nyembamba, subiri ipauke, futa. Epuka plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, itabaki na weupe. Zile dawa za mafuta za kung'arisha dashibodi sizinunui: zinaakisi kwenye kioo cha mbele na vumbi linanata. Kitambaa chenye unyevu kinatosha. Na kama vioo vyako vina tinti, dawa ya vioo isiwe na amonia.

Kwa hiyo ukiwa na pesa kidogo mwezi huu: glavu, taulo moja zuri, ndoo ya pili, shampuu. Brashi ya rimu mwezi ujao, nta baada ya hapo.

Vitambaa vyako vifue peke yake, mbali na nguo za pamba kwa sababu vinaokota manyoya, na usitie kilainisha nguo, kinaziba nyuzi na taulo halinywi tena. Vianike kivulini, vikikauka vifunge kwenye mfuko. Kikianguka chini wakati unaosha, kiweke pembeni, chukua kingine. Mwenye gari jeupe lenye madoa ya chumvi yaliyoshakaa, niandikie hapo chini umelipata mwaka gani na unatumia maji gani, nitakujibu.