Boti ya alumini inavuja: ununue nini, na nini ukiache dukani

Kitu cha kwanza cha kununua ni chaki, ya kuweka alama panapovuja. Kalamu ya nta pia inafaa. Penseli ya kawaida iache: ile nyeusi ya ndani ni grafiti, na grafiti ikikaa juu ya alumini penye maji ya chumvi huifanya ianze kuliwa palepale ulipochora.

Nataja chaki kwanza kwa sababu wengi wetu huanza na tyubu ya dawa ya kuzibia. Boti inaingiza maji, mtu anakimbilia dukani, anarudi na tyubu tatu za aina tatu, anapaka kila panapomtia shaka, na wiki inayofuata anafua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, kama kawaida. Dawa haikuwa mbaya. Hakujua tu maji yanapitia wapi, maana maji yanayoingia omoni (mbele ya boti) hutiririka chini ya sakafu na kuonekana shetrini (nyuma).

Kwa hiyo geuza kazi: badala ya kungoja maji yaingie, yaweke ndani uone yanatokea wapi. Pandisha boti kwenye trela au magogo, ihimili vizuri chini ya mkuku (uti wa chini wa boti), kausha nje kabisa, kisha mimina maji ndani kidogo kidogo. Usijaze. Lita moja ni kilo moja, na bodi hii ilibuniwa kusukumwa na maji kutoka nje, si kubeba tangi tumboni. Sentimita chache juu ya maungio ya chini zinatosha. Ingia chini na tochi, subiri. Riveti, ile pini fupi inayobana mabati pamoja, ikiwa mbovu haimwagi, inatoka jasho: duara la unyevu kuzunguka kichwa chake, kisha tone dogo linaloning'inia bila haraka. Zungushia chaki. Kagua kwanza kizibo cha shetri na skrubu za vifaa vilivyofungwa baadaye, kama kile cha kupimia kina. Mara nyingi kesi inaishia hapo, na unachohitaji ni mpira mpya wa kizibo.

Orodha hii nimeipanga kwa boti ya riveti iliyotumika miaka mingi na inayovuja polepole. Boti iliyolehemiwa ina hesabu yake, nitaifikia.

1. Epoksi nyepesi ya kupaka kwa brashi

Kama ningeruhusiwa kununua kitu kimoja tu, ningechukua hiki. Epoksi ni gundi inayokauka ikawa ngumu baada ya kuchanganya makopo mawili; hii ni majimaji kiasi, iliyotengenezwa kwa ajili ya maungio na riveti; Gluvit ni mfano unaojulikana. Uzuri wake ni kwamba unaipaka kwa ndani bila kung'oa chochote, nayo inajipenyeza kati ya mabati mawili yaliyolaliana. Ikikauka hubaki na unyumbufu kidogo, na hilo ni muhimu kwa sababu bati jembamba halitulii: kila wimbi hulikunja kidogo na kulirudisha.

Kabla ya kufungua kopo, kaza riveti zilizolegea. Mmoja anakaa nje akishikilia chuma kizito kwenye kichwa cha riveti, mwingine yuko ndani anagonga mkia wake kwa nyundo. Mapigo machache ya kiasi, sikiliza mlio ubadilike kutoka wa kukwaruza hadi wa kushiba, kisha acha. Ukizidisha unalitanua tundu na kulipasua bati. Epoksi iliyopakwa juu ya riveti inayocheza itapasuka tu.

Halafu maandalizi, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Alumini tupu ikikutana na hewa hujivika utando wa oksidi papo hapo, na gundi hushika utando badala ya alumini yenyewe. Osha kwa sabuni, futa mafuta kwa asetoni, kwangua kwa brashi ya waya ya chuma kisichoshika kutu (ya chuma cha kawaida huacha chembe zitakazoota kutu baadaye), futa tena. Sasa paka epoksi kidogo na uisugue kwa ileile brashi ikiwa bado mbichi. Utaiona inageuka kijivu. Huo ni utando unaong'oka chini ya epoksi, na alumini mpya inakutana na gundi kabla ya kukutana na hewa. Baada ya hapo paka tabaka kamili. Kama maungio yamebana sana, pasha bati moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele. Epoksi hulainika na kunywewa na ule mwanya.

Ubaya wake: haipendi jua. Ikiwa eneo linapigwa na jua, lifunike kwa rangi. Na haizibi tundu linalopitisha kidole.

2. Poliuretani ya baharini

Hii ndiyo tyubu ya kweli: 3M 5200 na 4200, Sikaflex 291, na nyingine za ukoo huo. Inabaki kama mpira, inakaa chini ya maji, na inashika kwa nguvu. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu: inataka kuwa katikati ya vitu viwili. Chini ya kichwa cha riveti mpya, chini ya kiraka, chini ya kifaa unachokifunga, haina mpinzani. Ikipakwa juu juu kama siagi kwenye mkate, kingo zake huinuka.

Chagua kwa kujiuliza kama utakuja kufungua tena. 5200 ni ya kudumu. Kukitoa kifaa kilichofungwa nayo ni vita, na unaweza kuondoka na kipande cha bati. Kwa kizibo, pampu au kifaa cha umeme chukua 4200. Angalia pia muda wa kukauka: 5200 ya kawaida inahitaji hadi siku 7, ya haraka ni kama siku moja. Hukauka kwa unyevu wa hewa, ndiyo maana tyubu iliyofunguliwa huwa jiwe kabla hujaihitaji tena. Nunua ndogo.

3. Riveti mpya

Riveti iliyokatika au iliyoliwa hadi ikacheza tunduni haikazwi, inabadilishwa. Bora kabisa ni riveti nzima ya alumini, ile ya kugongwa na watu wawili. Nunua ndefu kiasi kwamba mkia unatokeza mara moja na nusu ya unene wa riveti yenyewe. Ya milimita 4.8 itokeze kama milimita 7.

Kama upande wa ndani haufikiki, kwa sababu ya sakafu au povu la kuelea, utatumia riveti za kuvuta kwa koleo. Hapa soma pakiti kwa makini. Zile za kawaida zina tundu katikati, na msumari wake ukikatika maji yanapita humohumo. Unatafuta zilizozibwa mwisho, zenye umbo la kikombe, na msumari wake uwe wa alumini, si wa chuma. Chovya kila moja kwenye poliuretani kabla ya kuipachika.

4. Epoksi nzito ya kujazia

Kwa vitundu vidogo kama vya sindano na mashimo ya skrubu yasiyotumika. G/flex ni nzuri kwa sababu ni ngumu bila kuwa ya kuvunjika, na inachanganywa sawa kwa sawa, hivyo ni vigumu kuikosea. J-B Weld ya baharini inafaa penye bati lililotulia. Maandalizi ni yaleyale ya namba 1.

Kwa ufa, usiitegemee peke yake. Ufa unatembea. Toboa tundu dogo la milimita 3 hivi kwenye kila ncha ili uishie hapo, kisha funika kwa kiraka cha alumini chenye riveti na poliuretani chini yake.

5. Kulehemu

Boti iliyolehemiwa ikipasuka kwenye maungio, hii ni namba 1 na zilizobaki ni za kungojea fundi. Lakini bati jembamba la boti ya riveti ni jambo jingine. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, utando wake wa oksidi kwa zaidi ya 2,000, kwa hiyo fundi asiyeizoea anasukuma moto kuvunja utando na ghafla bati lote limedondoka. Joto pia hulegeza riveti za jirani, ukaziba uvujaji mmoja na kupata mitatu. Kama kuna povu la kuelea karibu, litoke kwanza. Moshi wake ni sumu. Tafuta mtu aliyelehemu alumini nyembamba, na mwambie mapema kama uliwahi kupaka dawa yoyote pale.

6. Vijiti vya kuyeyusha kwa tochi ya gesi

Kwenye maonyesho vinapendeza: fundi anaziba kopo la soda kwa dakika moja. Huyeyuka chini ya nyuzi 400, na kwenye kipande kidogo mezani vinashika kweli. Boti lakini ni bati kubwa linalokimbiza joto kila upande, na hadi pale panapotakiwa papate moto wa kutosha, rangi imeungua na dawa ya zamani kwenye maungio imechemka. Vinunue kama una muda wa kujifunza kwenye vipande vya taka.

7. Utepe wa kuzibia

Kaa nao kwenye boti, karibu na kopo la kufulia maji. Ni wa kukurudisha nchi kavu. Bandika kwa nje, ili maji yaukandamize badala ya kuusukuma utoke.

Ukiwa bado dukani, tazama lebo za vitu vingine ulivyochukua. Rangi ya kuzuia viumbe vya baharini yenye shaba irudishe rafuni, na mbao za shetri zilizotiwa dawa ya shaba vilevile: shaba na alumini vikilowana pamoja, alumini ndiyo inayoliwa.

8. Silikoni

Ya mwisho, na nina kinyongo nayo. Boti yangu ya kwanza niliipaka silikoni ya bafuni mstari mzima wa mkuku, ile inayonukia siki, nikajisifu. Ilishika wiki tatu, kisha ikaanza kubanduka vipande virefu kama tambi. Ilipobanduka iliacha mafuta yasiyoonekana ambayo hakuna gundi wala rangi inayokubali kuyakalia. Nilikwangua wikendi mbili kwa msasa na asetoni, na bado epoksi ilinikatalia sehemu mbili. Tyubu iliyobaki iko jikoni, inaziba sinki vizuri sana.